Mkaguzi wa Majengo: Sauti Isiyopaswa Kupuuzwa
Usalama wa nyumba haujapata kuwa siri ya fundi peke yake. Huko Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, sheria ya Mfalme Hammurabi iliamuru kwamba nyumba ikianguka kwa ubovu wa kazi na kumwua mwenyewe, fundi naye auawe. Adhabu ilikuwa kali, lakini ilikuja baada ya msiba.

London ilipoungua mwaka 1666, nyumba zipatazo 13,000 ziliteketea. Sheria ya mwaka 1667 ikaagiza kuta za matofali au mawe, na wajuzi wa ujenzi wakawekwa kuhakikisha kanuni zafuatwa. Hapo ukaguzi ukatangulia msiba.

Hata hivyo, jicho pekee halitoshi. Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh. Mhandisi aliyelikagua alisema si salama. Kesho yake wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa kurudi kazini. Jengo likaporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Nasi twaongeza: mkaguzi asiyeweza kusimamisha kazi ni mlinzi aliyepiga baragumu, kambi nzima ikaendelea kulala.