Libasi na Moyo wa Mvaaji

Mahindi ya Trans Nzoia yakishavunwa, yakaanikwa na kupata mnunuzi, fedha ambazo kwa miezi mingi zilikuwa zimelala shambani huingia mifukoni mwa watu katika majuma machache ya mwisho wa mwaka, na hapo njia za mji wa Kitale hujaa wanunuzi wa nguo. Baba aliyevumilia msimu mzima wa palizi katika suruali yenye viraka hutafuta suruali ya Krismasi. Mama huwatafutia wanawe sare za Januari kabla karo haijameza kilichosalia. Na binti aliyemaliza shule, ambaye ameitwa Bungoma kuhojiwa kwa ajili ya kazi, huzunguka kati ya marundo ya mitumba akitafuta blauzi nyeupe isiyo na doa. Ukiwatazama watatu hao kwa makini utatambua kwamba uchi sio unaowasukuma, maana wote wana nguo mwilini. Kila mmoja wao anatafuta namna atakavyosimama mbele ya watu.

Sehemu kubwa ya nguo wanazozitafuta hutoka ng'ambo. Mwaka 2019 Kenya iliingiza tani 185,000 hivi za mitumba, na Machi 2020, serikali ilipoizuia kwa hofu ya korona hadi ilipoiruhusu tena mwezi Agosti, wachuuzi walionja dhiki ya kukaa na meza tupu. Robota, ambalo aghalabu huwa na uzito wa kilo 45, hufunguliwa asubuhi mapema mbele ya wanunuzi waliokwisha kuarifiwa. Mikanda ikikatwa, nguo zilizobanwa kwa mashine katika nchi ya mbali huvimba na kuinuka, na mikono huziingia kabla hazijatulia. Zile za kwanza, zilizo safi kama hazijavaliwa, ndizo huitwa kamera, nazo huchukuliwa na wenye maduka na wateja wenye fedha. Adhuhuri hufika wenye kipato cha kadiri. Na jioni hubaki fagia, nguo za bei ya kumaliza, ambazo mtu huzichambua akiwa amechuchumaa.

Mtazame mnunuzi mzoefu anavyofanya kazi yake. Rangi haiulizi kwanza. Huigeuza nguo ndani nje, akaangalia ukosi ulipogusana na shingo ya mwenyewe wa zamani, akaangalia kwapa, akapandisha na kushusha zipu, akaivuta mishono kwa vidole viwili kuona kama inaachia. Ikiwa ni suruali, huuzungusha shingoni mwake ukanda wa kiuno, na ncha mbili zikikutana nyuma hujua kuwa itamtosha. Ikiwa ni sketi, huivaa juu ya sketi aliyonayo, hapo hapo kati ya wapita njia, huku shoga yake akimzingira kwa leso. "Geuka, mama, tuone na nyuma," husema muuzaji, naye hugeuka kwa haya kidogo. Yote haya ni maarifa ya kweli, na ndani yake imo sehemu ya ile heshima ya nafsi ambayo watu hudhani hununuliwa pamoja na nguo. Katika marundo yale hakuna nguo mbili zilizo sawa, wala hakuna picha ukutani inayoamuru mwaka huu kuvaliwe nini. Mtu hulazimika kuliamini jicho lake mwenyewe, na yule aliyezoea kuliamini jicho lake sokoni hupata mazoea ya kuliamini na penginepo.

Wanazuoni wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walivikwa koti jeupe la namna moja, baadhi yao wakiambiwa kuwa ni la daktari na wengine kuwa ni la mchoraji. Walioamini kuwa wamevaa koti la daktari walikuwa makini zaidi katika kutafuta tofauti ndogo kati ya picha mbili zinazoshabihiana; wale wa koti la mchoraji, na hata wale waliolitazama koti la daktari likiwa mezani bila kulivaa, hawakuufikia umakini huo. Mwaka 2019 watafiti wengine walilirudia jaribio la kwanza kati ya yale wasiyapate matokeo yale, kwa hiyo si insafu kulifanya jambo hili kuwa kanuni isiyovunjika. Lakini mapitio yaliyotoka mwaka 2023, ambayo Adam na Galinsky wenyewe walishiriki, yaliona kuwa athari ya vazi juu ya mvaaji ipo. Nami huvutwa zaidi na jambo moja dogo katika habari hiyo: kitambaa kilikuwa kile kile. Ilibadilika maana ambayo mvaaji aliibeba mabegani pamoja nacho.

Katika Bungoma habari ya maana hiyo haikungoja chuo kikuu. Kila mwaka wa shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, ufikapo mwezi wa Agosti Wabukusu hutahiri vijana wao. Kijana, baada ya kuwapitia jamaa zake akizipiga kengele za chuma ziitwazo chinyimba, huteremshwa mtoni alfajiri, akavuliwa nguo, akapakwa tope, kisha akarudishwa uani kwa babake asimame mbele ya umati pasipo kupepesa jicho wala kutikisika. Saa ile ya ushujaa wake mkubwa kabisa hana hata uzi mmoja mwilini. Nguo mpya huja baadaye, mwishoni mwa mwaka, katika sherehe ya khukhwalukha, atokapo katika uangalizi wa jando akapokewa na jamaa zake kama mtu mzima. Hapo hupita njiani kwa mwendo ambao hakuwa nao mwezi Julai. Mpango huu wa wazee una hekima ninayoistahi sana, maana umeuweka moyo mbele, ukaifanya libasi kuja nyuma yake kama shahidi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kwa kuwa moyo hutangulia, basi habari za mavazi ni upuuzi. Historia ya pwani yawakanusha. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja tarehe 6 Aprili 1897, watu waliokuwa wamezoeshwa merikani na kaniki, wakikatazwa kufunika vichwa na kuvaa viatu mbele ya mabwana zao, walianza kutumia ujira wao kwa kanga, kanzu na kofia. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza kwa urefu jinsi waliokuwa watumwa walivyoyatumia mavazi kujitangazia uungwana. Wako ambao wangewaita wabadhirifu. Mimi siuoni ubadhirifu kwa mtu ambaye jana sheria ilimnyima kofia, na leo anatoka katika kibanda chake kofia ikiwa kichwani. Namwona mtu aliyekata kauli juu ya nafsi yake, akawataarifu majirani bila kunena neno.

Na uwezo wa kuamua nani amevaa kwa adabu ungali mikononi mwa wakubwa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma aliyepata kuwa seneta wake, alipiga marufuku suti ya Kaunda katika viwanja vya Bunge, akataka wanaume wavae koti, shati la mikono mirefu lenye ukosi, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, ilhali mwaka huo huo Rais William Ruto alikuwa akionekana mara kwa mara katika suti hiyo hiyo. Kila Bunge lina haki ya kulinda taadhima yake. Lakini nausikitikia uamuzi ule, kwa maana suti hiyo, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, huweza kushonwa na fundi wa barazani kwa kipimo cha mwili wa mwenyewe, na kijana wa Kamukuywa aliyejishonea moja kwa fahari alielezwa siku ile kuwa fahari yake haikuvuka mlango.

Basi yule binti wa blauzi nyeupe hana kosa akiogopa. Anajua kwamba watu watatu nyuma ya meza watamtazama kabla hajatamka jina lake. Ningependa hata hivyo apate habari za Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, ambao mwaka 2000 walichapisha jaribio la kuwavika wanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana iliyowaaibisha, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wanafunzi wenzao. Waliovaa walikisia kuwa karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Kwa hakika walioitambua walikuwa robo tu hivi. Doa ambalo mvaaji huliona kubwa kuliko kifua chake chote, aghalabu wengine hawalioni asilani.

Kutojua jambo hilo ndiko kunakowatia watu hasarani. Mtu akiwa na huzuni, au akiwa amedharauliwa kazini, huenda sokoni akarudi na mfuko, na kwa saa kadhaa moyo wake hutulia. Nguo ile ikishavaliwa mara mbili huwa ni nguo kama nyingine, na dharau ya kazini ingali palepale. Siku hizi mkopo hupatikana kwa simu usiku wa manane bila shahidi wala mdhamini, na picha za wenzetu waliopambwa hutujia kitandani kupitia simu hiyo hiyo, kwa hiyo njia ya kutoka katika huzuni mpaka katika deni imekuwa fupi mno. Wahenga waliosema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako hawakuuona mkopo wa simu, ila neno lao linautosha: mwenye kuvaa deni huwa na hofu mbili, ya macho ya watu na ya tarehe ya kulipa.

Mimi ningemwelekeza mnunuzi kwa fundi wa cherehani kabla ya kumwelekeza kwenye robota la pili. Nimemtazama mmoja, barazani pa duka mjini Kitale, akilishughulikia koti la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya mtu mpana kuliko mteja aliyekuwa amelinunua, mzee mwembamba wa kutoka upande wa Kiminini. Alimvika ndani nje, akabana kitambaa kilichozidi kando ya uti wa mgongo, akakipigia mstari wa chaki. Mzee, kama watu wote wapimwapo, alikuwa ametoa kifua na kuzuia pumzi. "Simama unavyosimama siku zote, mzee," fundi akamwambia kwa upole, "nikupime mwili wako wa kila siku." Baada ya wembe kufumua mishono, na cherehani ya kukanyaga kuifunga upya, na pasi ya makaa kupita juu ya mabega, koti lile likamkaa. Mzee alikunja mikono, akainyoosha, akaingiza kitambulisho chake katika mfuko wa ndani, wala hakuuliza kama amependeza.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, ambazo huzungumza sana juu ya mapaa na mitaro ya masoko, zaweza kufanya jambo dogo kwa ajili ya wanunuzi hawa wa nguo. Masoko yetu ya wazi hayana mahali pa kujaribia nguo. Mwanamke huvaa sketi juu ya sketi mbele ya wageni. Kioo alichonacho muuzaji, ikiwa anacho, huonyesha uso na ukosi tu. Na wengi hununua kwa kubahatisha, wakafika nyumbani nguo imewakataa, wakaona haya kuirudisha. Chumba cha mbao chenye pazia na kioo kirefu, kimoja kwa kila safu ya vibanda, si gharama ya kuitisha bajeti ya kaunti, na soko la Chwele, lenye umati wake mkubwa, lingefaa kuwa la kwanza kupewa.