Hewa inauzwa, hesabu ziko wapi?

Je, msomaji, umewahi kusikia hewa ikiuzwa? Usicheke. Biashara hiyo imo hapa nchini, na yamkini itabisha hodi katika shamba lenu huko mashambani.

Mambo ni hivi. Miti inapokua hufyonza hewa ya kaboni, ambayo ikizidi angani huongeza joto duniani. Wataalamu hukadiria kiasi kilichofyonzwa na kila tani moja huandikiwa cheti. Kampuni inayochafua hewa hununua vyeti hivyo ili kufidia uchafu wake.

Tatizo ni kwamba bidhaa hii haionekani. Mahindi utapimiwa kwa gorogoro na utashuhudia mwenyewe. Kaboni hupimwa kwa hesabu za wataalamu na mnunuzi aghalabu yuko ng'ambo. Asipoonyeshwa vitabu, mwanakijiji aliyetunza msitu atajuaje kilichouzwa na kwa bei gani?

Inawezekana kufanya mambo peupe. Katika Kaunti ya Kwale, wakazi wa Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka wa 2013. Huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka, nao wenyewe hukutana kuamua matumizi. Maji ya mfereji na vitabu vya shule ni baadhi ya matunda yake.

Kwingineko kumekuwa na kesi. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kuwa hifadhi mbili za Isiolo ziliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Ardhi ya moja, Biliqo Bulesa, ilikuwa imejumuishwa katika mradi wa kuuza kaboni.

Sheria ya mabadiliko ya hali ya hewa ilirekebishwa mwaka wa 2023. Katika miradi ya ardhi, jamii inastahili angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikiisha kuondolewa. Hapo ndipo penye mtego. Nani huandika gharama hizo, na nani huzikagua? Asilimia 40 ya hesabu uliyofichwa ni sawa na kununua mbuzi kwenye gunia.

Basi wewe mwanafunzi unayerudi nyumbani likizoni, wasomee wazee mkataba kabla hawajatia sahihi. Ulizeni tani ni ngapi, bei ni gani, gharama ni zipi na mkataba ni wa miaka mingapi. Anayekataa kujibu, mwonyesheni njia aliyojia.