Mwanga wa Kuchonga: Picha Ndogo ya Bumbire

Msomaji wa Kamachumu ametutumia picha ya kale ya Bumbire, kile kisiwa cha Muleba, na maswali mawili. Je, ilipigwa kwa kamera? Na mbona inatisha hata kwenye kioo kidogo cha simu?

Picha hiyo imetoka katika kitabu cha Henry Morton Stanley, Through the Dark Continent, cha mwaka 1878. Inaonyesha mashua yake, Lady Alice, ikiwa imezingirwa na umati wenye mikuki tarehe 28 Aprili 1875. Safari yenyewe imeshaandikwa mno, tuiruke.

Kamera Stanley alikuwa nayo, lakini wachapishaji wa wakati ule hawakuwa na njia rahisi ya kuchapa picha ya kamera ukurasa mmoja na maandishi. Ilibidi mtu aichonge upya kwenye mbao. Wala hii si ile kazi ya kuunguza bamba la shaba kwa tindikali. Naiita chapa ya mbao. “Mchoro” hapana, maana mchoro unaongeza wino, na huyu fundi kazi yake ni kupunguza.

Hapo ndipo utamu ulipo. Fundi huchukua kipande cha boksiwudi, mti mgumu unaokua polepole, kilichokatwa kwa kukingama gogo, upande zinakoonekana duara za umri. Uso huo haupasuki, kwa hiyo patasi nyembamba hupita kokote. Asipougusa, mbao yote inachapa nyeusi ti. Kila anapokwangua panabaki peupe. Kwa maneno mengine, anachonga mwanga. Giza ni mbao aliyoiacha. Mkuki mweupe mbele ya umati mweusi ni mkwaruzo mmoja tu. Mkuki mweusi mbele ya anga ni balaa: lazima akwangue huku na huku, abakize ukingo mwembamba kama uzi, na mkono ukiteleza umekwisha.

Na kijivu je? Wino ni mweusi mtupu, hakuna mwingine. Nenda Bukoba msimu wa senene, usimame mbali na mtego wenye taa kali na mabati. Utaona ukungu, mahali mzito, mahali mwepesi, na unaweza kuapa kwamba ukungu huo una rangi mbalimbali. Sogea: ni senene tu, kila mmoja na ukubwa wake uleule, wengi hapa, wachache pale. Hakuna senene aliyefifia. Rudi nyuma, wanayeyuka tena kuwa ukungu, kwa sababu jicho limeshindwa kuwahesabu na limeamua kukupa wastani. Anga la chapa ya mbao ni hivyo hivyo. Mistari yenye upana wa milimita 0.1, kila baada ya milimita 0.4, inafunika robo ya karatasi, nawe unaona kijivu chepesi. Inenepeshe hadi 0.3, robo tatu zimefunikwa, na mvua inakaribia kunyesha. Jicho zima, karatasi ikiwa sentimita 30 mbele yake, huanza kushindwa kutenganisha vitu vikikaribiana kama milimita 0.1, na mistari iliyoachana zaidi ya hapo itakubidi uisogeze mbali. Wino husambaa kidogo pia, lakini tuyaache hayo.

Kwa hiyo hofu unayoiona, ndugu msomaji, imepimwa kwa patasi na fundi ambaye Bumbire hakukanyaga. Ndiye aliyeamua umati uwe mzito kiasi gani. Stanley naye alikuwa na sababu ya kuutaka mzito: Agosti mwaka uleule alirudi na bunduki na, kwa hesabu yake mwenyewe, aliwaua watu zaidi ya 30.

Ukipata nakala nzuri, ichunguze kwa lenzi. Boksiwudi ni mti mwembamba, hivyo picha kubwa za enzi hizo zilichongwa kwenye vipande vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, mara nyingine kila kipande na fundi wake. Mahali vilipokutana, mara nyingine huonekana mstari mweupe ulionyooka mno, unaokatiza watu na maji bila kujali.