Woga wa maofisini ulivyoiangusha Nokia

UKIPEKUA droo za nyumba nyingi za mjini, kuanzia Umoja jijini Nairobi hadi Mikindani kule Mombasa, hutakosa kukuta simu kuukuu ya Nokia ikiwa imelala kati ya betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna ajuaye ni za kufuli gani. Huenda ikawa ile ya 1100 iliyotoka mwaka 2003, yenye tochi kichwani, ambayo Wakenya waliibandika jina la mulika mwizi. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa ulimwenguni. Mwandishi huyu alikuwa nayo moja, na stima zilipopotea ndiyo iliyotuonyesha njia ya jikoni. M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi mwaka 2007, wengi walituma pesa zao za kwanza nyumbani kwa simu za namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2007, Nokia ilikuwa ikiuza karibu simu nne kati ya kila kumi zilizonunuliwa duniani. Miaka sita baadaye ilikubali kukiuza kitengo chake cha simu kwa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Je, ni nini kilichotokea?

Wengi hujibu upesi kwamba Apple ilileta iPhone mnamo Januari 2007, basi mambo yakaisha. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya hadithi. Nokia ilikuwa na pesa na wahandisi hodari, na isitoshe ilikuwa imewahi kujigeuza mara kadhaa katika maisha yake.

Kampuni hii ilianza mwaka 1865 nchini Finland kama kinu cha kutengenezea karatasi, chini ya mhandisi Fredrik Idestam. Mwaka 1967 iliungana na kampuni ya mpira na ile ya nyaya za umeme. Naam, watu waliotuletea mulika mwizi waliwahi kuuza gambuti na matairi! Baadaye waliongeza televisheni na kompyuta. Kisha Muungano wa Sovieti, uliokuwa mteja mkubwa wa Finland, ukasambaratika mwaka 1991 na uchumi wa nchi hiyo ukaanguka vibaya.

Hapo ndipo Jorma Ollila alipokabidhiwa usukani, mwaka 1992. Ollila alikuwa amefanya kazi katika benki kabla ya kujiunga na Nokia, na alikuwa ameongoza kitengo cha simu za mkononi. Yeye na wenzake walikata shauri kuuza karibu kila kitu, wabaki na mawasiliano ya simu pekee. Shauri hilo lilihitaji moyo, kwani wakati huo simu ya mkono ilikuwa kitu cha matajiri. Kufikia mwaka 1998 Nokia ilikuwa imeipiku Motorola na kuwa mtengenezaji mkubwa zaidi wa simu hizo duniani.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2004 wakubwa waliupanga upya muundo wa kampuni, idara zikaingiliana, na meneja mmoja akajikuta akitumikia mabwana zaidi ya mmoja. Mikutano iliongezeka. Ollila alipoondoka kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu mwaka 2006, alirithiwa na Olli-Pekka Kallasvuo, mwanasheria aliyekuwa amesimamia fedha za kampuni.

Wataalamu wawili wa mambo ya usimamizi, Timo Vuori na Quy Huy, waliwahoji watu 76 waliohusika na Nokia, wakubwa kwa wadogo, na mwaka 2016 wakatoa ripoti yao. Walichogundua ni kitu ambacho yeyote aliyewahi kuajiriwa anakifahamu: woga. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, waliotaka faida kila baada ya miezi mitatu. Mameneja wa kati nao waliwaogopa wakubwa. Baadhi ya viongozi walikuwa wakifoka mikutanoni, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alipiga meza kwa ngumi hadi matunda yakaruka.

Sasa mfikirie meneja aliyeketi mbele ya meza ile. Anajua kwamba Symbian, ile programu iliyoendesha simu za Nokia, imechakaa na haifai kwa simu za kioo cha kuguswa. Anajua kwamba programu mpya itahitaji miaka. Akisema hivyo ataonekana mzembe, na kuna mwenzake aliye tayari kuahidi kwamba kazi itakamilika baada ya miezi sita. Basi naye anaahidi. Wakubwa, ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kutosha kuhusu programu kuweza kuipima ahadi ile, waliiamini, wakaagiza simu nyingine mpya. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Nokia ilipopotea, kabla hata wateja hawajaanza kuikimbia.

Mwezi Septemba mwaka 2010 alitafutwa mgeni, Stephen Elop kutoka Microsoft. Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi waraka uliosambaa kote, akiwafananisha na mtu aliyesimama juu ya mtambo wa mafuta unaoteketea katikati ya bahari. Siku chache baadaye alitangaza kwamba Nokia ingeiacha Symbian na kutumia programu ya Microsoft. Kosa lilikuwa kutangaza mapema, kwani simu mpya hazikuwa tayari na zile za zamani zilikuwa zimeshatangaziwa kifo. Nani angezinunua? Mnamo Aprili 2014 kitengo cha simu kilihamia Microsoft, ambayo mwaka uliofuata ilikiri katika vitabu vyake hasara ya dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huo.

Kampuni ya Nokia yenyewe haikufa. Chini ya mwenyekiti Risto Siilasmaa iligeukia mitambo inayobeba mawasiliano ya simu, na mwaka 2016 ikainunua Alcatel-Lucent.

Walioumia zaidi ni wale ambao majina yao hayakuandikwa magazetini. Nokia ilipotangaza mwaka 2008 kufunga kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, watu 2,300 walikuwa wakipoteza kazi. Maelfu waliandamana na wanasiasa wakasusia simu zake. Aibu hiyo haikusahaulika. Zamu ya Finland ilipofika mwaka 2011, na kiwanda cha Salo kikafungwa mwaka uliofuata, kampuni iliweka mpango uliowahusu wafanyakazi 18,000 katika nchi mbalimbali. Waliambiwa mapema, wakasaidiwa kutafuta kazi nyingine au kurudi masomoni, na waliotaka kufanya biashara waliweza kupewa hadi yuro 25,000 kila mmoja. Biashara zipatazo 1,000 zilianzishwa kwa njia hiyo, baadhi zikiendeshwa na wahandisi ambao miaka michache awali hawakuthubutu kumwambia bosi kwamba simu haijawa tayari.