Je, Wajua? Gari Lililotembea Sana

Je, wajua kwamba kilomita 200,000 ni sawa na kuizunguka dunia mara 5 kwenye ikweta? Ndiyo maana mnunuzi akichungulia dashibodi na kukuta namba hiyo hukunja uso na kuanza kuaga. Asiondoke kwanza. Gari hilo linaweza kuwa zima, na lile la pembeni linaloonyesha 75,000 likawa ndilo la kumfilisi.

Je, wajua kwamba injini huchoka kwa saa ilizonguruma, si kwa kilomita peke yake? Chukua magari mawili. La kwanza lilikuwa la safari ndefu, Dar es Salaam na Mbeya, kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Likifikisha 200,000, injini yake imefanya kazi saa 2,500. La pili limezeekea kwenye foleni za mjini kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, mguu wa dereva ukihama kutoka breki kwenda mafuta na kurudi breki. Likifikisha 75,000 tu, injini imeshanguruma saa 5,000, mara mbili ya mwenzake, na gia boksi na breki nazo zimeteseka ipasavyo. Dalali atakuambia hilo la pili “halijatembea”. Kabla ya kuuliza limetembea ngapi, uliza lilikuwa linaenda wapi.

Je, wajua kwamba kipimo cha mwendo ni kitu cha kale? Vitruvius, msanifu majengo wa Roma wa karne ya 1 KK, alieleza gari la magurudumu lililodondosha kokoto moja kwenye sanduku kila lilipomaliza maili. Tapeli wa enzi zile angehitaji kuchota kokoto tu. Wa leo anahitaji kifaa cha kuchomeka chini ya dashibodi na dakika chache. Marekani ilitunga sheria ya taifa dhidi ya mchezo huu mwaka 1972, lakini mamlaka yake ya usalama barabarani bado inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na namba za uongo. Huko kuna sheria na mahakama zinazoitekeleza. Kwenye yadi yetu ya jirani, jaza mwenyewe.

Je, wajua kwamba pedali haina mahali pa kuchomeka kompyuta? Angalia raba ya breki. Gari linalosoma 60,000 halina sababu ya kuwa na raba iliyolika upande wa kulia hadi mistari imefutika. Shika usukani pale dereva anapoweka mikono: ngozi ikiwa imelainika na kung’aa kama kisigino cha kandambili ya zamani, kuna kilomita mahali zimefichwa. Tazama ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, panaposuguliwa kila anaposhuka. Na ukikuta raba za pedali mpya kabisa ndani ya gari kuukuu, usifurahi haraka. Jiulize aliyezibadilisha alikuwa anasitiri nini.

Je, wajua kwamba gari lililotoka Japani huja na shahidi wake? Cheti cha kulisafirisha nje hubeba kilomita zilizosomwa kule. Lililopitia mnada huwa pia na karatasi ya ukaguzi. Humo, daraja R au RA maana yake gari liliwahi kuumia likatengenezwa, na ukiona XX kwenye mchoro wa mlango au bawa, kipande hicho kilibadilishwa. Muuzaji akisema karatasi zimepotea, hilo nalo ni jibu.

Je, wajua kwa nini Wajapani huyaachia magari ambayo bado yana nguvu? Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupandishwa. Isitoshe, wanunuzi wa kule wana hofu ya kilomita 100,000: likivuka hapo bei huporomoka hata kama limetunzwa vizuri. Hapo ndipo penye nafasi ya mnunuzi wetu. Gari lenye kilomita 110,000 za kweli na karatasi zake hunishawishi kirahisi kuliko lenye 65,000 za mdomoni.

Je, wajua kwamba gari lile lile linaweza kukataliwa Mombasa na kupokelewa Dar es Salaam? Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliweka ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haikufunga mlango, ila huongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, na zaidi likivuka 10.

Kutokana na hilo kuna mtego wa namba. Tanzania watu huuza gari kwa herufi ya kibao: “ni namba D”, “ni namba E hii, bado mpya”. Herufi husema gari liliandikishwa lini nchini, haisemi lilizaliwa lini. Toyota IST ya kizazi cha kwanza iliacha kutengenezwa mwaka 2007, na bado unaweza kuikuta imevaa namba E ikitambulishwa kama mgeni. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Je, wajua kwamba IST hiyo, iwe ya injini ya 1.3 au 1.5, hutumia cheni ya taimingi, wakati injini ya dizeli ya 1KZ ya Prado na Surf za zamani hutumia mkanda? Cheni ikipata oili safi kwa wakati huweza kuishi miaka mingi. Mkanda una ukomo, mara nyingi kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na injini, na ukikatika gari likiwa mwendoni, vali na pistoni zinaweza kugongana. Kwa hiyo gari la mkanda lenye kilomita 140,000 ambalo mwenyewe hajui kama ulibadilishwa lina deni. Ondoa gharama hiyo kwenye bei kabla ya maelewano mengine yoyote.

Je, wajua saa nzuri ya kwenda kuliona gari? Asubuhi, kabla halijawashwa. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna aliyelipasha ili usisikie linavyoamka. Mwambie utarudi kesho. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili ukipindue: utando mzito wa rangi ya maziwa unakuambia maji na oili huenda vimekutana, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Sasa mwombe mtu awashe wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu, linakula oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, linakunywa maji ya rejeta. Mweusi kwenye gari la petroli, linachoma mafuta kupita kiasi. Injini iliyooshwa ikang’aa asubuhi ya kuuzwa usiisifie. Uvujaji wa oili huonekana kwenye vumbi, na vumbi ndilo lililooshwa.

Je, wajua kwamba tairi huandikwa tarehe ya kuzaliwa? Tafuta tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini yenye miaka kumi si tairi ya kupandia mlima wa Kitonga.

Je, wajua kuhusu Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York? Alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, na mwaka 2013 ikavuka maili milioni 3, karibu kilomita milioni 4.8. Ugiriki, dereva teksi Gregorios Sachinidis aliiendesha Mercedes 240D ya 1976 hadi kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia makumbusho ya kampuni hiyo. Wauzaji hupenda hadithi hizi. Husahau tu kwamba injini ya Gordon ilishushwa na kufumuliwa njiani, na kwamba Sachinidis alikuwa akipokezanisha injini. Gari hudumu kwa pesa zinazoingia ndani yake, kwa hiyo mwenye milioni 10 atafute la milioni 8. Hizo mbili zitakwenda mwezi wa kwanza tu: oili, filta, maji ya rejeta, pedi za breki, bushi, shokapu, na kile ambacho fundi wako atakigundua akishalala chini.

Fundi wako, nasema. Si yule “wa hapa hapa yadi”.

Je, wajua kwamba faini za trafiki Tanzania zinaweza kulifuata gari, dereva aliyekamatwa akiwa ameshahama mji? Angalia namba ya kibao kwenye mfumo wa polisi kabla ya kulipa. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, moja moja, kwa tochi. Injini za mtumba hubadilishwa sana na wengi hawapeleki taarifa kwa mamlaka ya mapato, TRA. Kadi ikiwa na jina la mtu wa tatu, huyo mtu wa tatu aje. Kenya, fanya upekuzi kwa mamlaka ya usafiri, NTSA: jina la benki likitokea pamoja na la muuzaji, gari bado ni dhamana ya mkopo, na malipo yako yaanzie benki, siyo mfukoni mwake.