‘Impart’ na ‘peana’: Mpokeaji akae wapi?

MAJUZI nilikuwa miongoni mwa watu watano walioombwa na shule moja ya upili viungani mwa jiji la Eldoret kupekua barua za walimu wanaotafuta kazi. Nafasi ilikuwa moja tu, barua zimejaa kikapu. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alisoma sentensi ya kwanza ya barua fulani, akaipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuitupa kando. “Huyu hajui Kiingereza,” akasema. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: “I am eager to impart learners with knowledge.”

Kwamba pana kosa, sikukataa. Nilichokataa ni hukumu. Kosa hilo nimelisikia kwenye hotuba za mahafali, nimelisoma katika ripoti za wakuu wa shule, na yakini halitokani na ujinga.

Kitenzi ‘impart’ huchukua shamirisho kipozi moja, nayo ni kile kinachotolewa: maarifa, stadi, habari, siri. Mpokeaji, yaani kitondo, huja baadaye akitanguliwa na ‘to’. Kwa hivyo husema: “She imparted knowledge to us.” Katika kauli ya kutendwa, kinachotangulia ni maarifa: “Knowledge was imparted to us.” Ukisema “We were imparted with knowledge” umewageuza watu kuwa ndio waliotolewa, kama vile mtu angesema wanafunzi waligawanywa kwa maarifa.

Mfano wa hapa kwetu utasaidia. Katika kutengeneza mursik, mkaa wa mti uitwao senetwet kwa Kikalenjin husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kutiwa. Kiingereza husema: “The charcoal imparts flavour to the milk.” Ladha ndiyo inayotolewa, maziwa yanapokea. Sijawahi kumsikia mtu akisema mkaa “imparts the milk with flavour”. Ajabu ni kuwa kosa huzuka pale tu maziwa yanapogeuka kuwa mwanafunzi.

Kwa nini? Chanzo kimoja kimo ndani ya Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo ina vitenzi jirani vinavyomtanguliza mpokeaji: ‘equip learners with skills’, ‘provide learners with books’. Nyaraka za elimu zimejaa vitenzi hivyo, na mwalimu anayezisoma kila wiki hukivisha ‘impart’ vazi la jirani yake.

Chanzo cha pili kiko kwetu. Hebu tazama kitenzi ‘-pa’ cha Kiswahili. Hiki hakikubali kabisa kusimama bila mpokeaji. Husema ‘nilimpa kitabu’, ‘aliwapa maarifa’. Ukimwondoa mpokeaji ukasema ‘nilipa kitabu’, msikilizaji atadhani umelipa deni. Hata mkaa wetu, kwa Kiswahili, ‘huyapa maziwa ladha’. Maziwa yamepata kiambishi chake ndani ya kitenzi kabla ladha haijatajwa. Na katika kutendwa ni mpokeaji anayesimama mbele: ‘tulipewa maarifa’. Ifasiri sentensi hiyo neno kwa neno, kisha utie ‘impart’, na utapata “we were imparted with knowledge” bila jasho. Kijana yule alikuwa anafikiri kwa Kiswahili fasaha na kuandika kwa Kiingereza kibovu.

Nilipokuwa nikiyaeleza haya, mwenzetu mstaafu alitazama saa. “Sawa bwana, lakini tufanye haraka. Ijumaa lazima tupeane majibu kwa walioomba kazi.”

Tupeane! Hapo nilishindwa kujizuia kucheka. Kiambishi ‘-an-’ ni cha kutendana. Watu ‘wakipeana’ majibu, huyu anampa yule na yule anampa huyu. Katika Kiswahili sanifu, ‘walimu wanapeana maarifa’ ni walimu walioketi kwenye chumba chao wakifunzana wenyewe kwa wenyewe, wanafunzi wako nje mikono mitupu. Alichokusudia ni ‘tutoe majibu’, au ‘tuwape majibu’.

Lakini ‘peana’ hii ya bara, ambayo utaisikia Eldoret, Nakuru na Nairobi kila uchao, nayo ina sababu yake. Msemaji anataka kutaja kitu kinachotolewa bila kushughulika na mpokeaji, na ‘-pa’ inamnyima nafasi hiyo. Badala ya kukimbilia ‘-toa’, anabandika ‘-an-’ ili mlango ufunguke. Kwa hivyo makosa haya mawili ni kama picha na kioo. Katika Kiingereza tunamsukuma mpokeaji mahali asipotakiwa. Katika Kiswahili tunamwondoa mahali asipoweza kukosekana.

Mtu atauliza: basi ‘impart’ kwa Kiswahili ni nini? Wengi watajibu ‘kufunza’ au ‘kuelimisha’, na sina ugomvi nao. ‘Kupasha’ inafaa zaidi kwa habari. ‘Kupitisha maarifa’, inayosikika siku hizi, naiona tafsiri sisisi. Maarifa hayapiti kama maji kwenye mfereji. Mimi hupendelea ‘kumegea’. Kitenzi ‘impart’ kilitoka katika Kilatini ‘impartire’, ambamo mna ‘pars’, yaani sehemu, na maana yake ya kwanza ni kumpa mwingine fungu la ulicho nacho. Anayemega tonge akampa mwenzake hufanya hivyo hivyo, na Waswahili tayari husema fulani ‘alinimegea siri’. Kumegea wanafunzi maarifa si jambo geni hata kidogo, ijapokuwa halijaingia katika nyaraka za wizara.

Tulirudi kwenye barua. Niliandika pambizoni sahihisho mbili: “impart knowledge to learners” ama “equip learners with knowledge”. Mstaafu alizisoma, akakuna kidevu, akairudisha barua kikapuni pamoja na zile za kuitwa kwenye mahojiano.