Chuma Kilichovunjika na Lugha ya Kukieleza: Uso wa Mvunjiko na Dhana ya Fraktali

Tuchukulie kwamba plau ya kukokotwa na ng'ombe imevunjika shambani huko Ringwani, wilayani Serengeti, msimu wa kulima ukiwa umeanza. Mwenye nayo huipeleka kwa fundi. Fundi mzoefu hutazama kwanza pale palipovunjika. Pakiwa na chembechembe zinazong'aa, chuma kilivunjika ghafla. Pakiwa pamefifia na kuonyesha nyuzinyuzi, kilivutika kabla ya kuachana. Mhadhara huu unauliza iwapo Kiswahili kinaweza kulifuata jicho la fundi huyo hadi maabara.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuachana kwa vitu. Sahani huvunjika, kamba hukatika, nguo huchanika, mkate humeguka, gogo hupasuka. Hata hivyo, vitenzi hivi hufuata zaidi umbo la kitu kuliko sifa za maada yake. Waya hukatika, uwe unanyumbuka au haunyumbuki. Kwa hiyo msamiati wa kawaida unatupatia mlango wa kuingilia, lakini haupimi.

Mwanahisabati Benoît Mandelbrot alilibuni neno fraktali mwaka 1975 kutokana na neno la Kilatini *fractus*, lenye maana ya kilichovunjika. Fraktali ni umbo ambalo kila ukilikaribia huonyesha mabonde na vilima vidogo zaidi. Mfano wake ni ufuko wa bahari: ukiupima kwa kijiti kifupi zaidi, urefu wake huongezeka, kwa kuwa kijiti hicho huingia katika vihori ambavyo kirefu kiliviruka. Dimensheni ya fraktali ni namba inayoeleza kasi ya ongezeko hilo.

Mwaka 1984, Mandelbrot, Passoja na Paullay walichapisha katika jarida la *Nature* matokeo ya kuipima feleji iliyovunjwa. Uso wa mvunjiko ulifunikwa kwa nikeli, kisha ukasuguliwa taratibu sambamba na uso huo. Vilele vya feleji vikajitokeza kama visiwa katikati ya nikeli. Kwa umbo la kawaida, eneo likiongezeka mara 4, mzingo huongezeka mara 2. Kwa visiwa hivi, mzingo uliongezeka zaidi ya mara 2. Aidha, waligundua kwamba dimensheni ilipungua kadiri feleji ilivyohitaji nishati kubwa zaidi ili ivunjike. Ilionekana basi kwamba uso uliovunjika ungeweza kusomwa kama ushahidi wa uimara wa chuma.

Lakini mwaka 1990, Bouchaud, Lapasset na Planès walipima aloi ya alumini iliyopitia matibabu mbalimbali ya joto. Uimara ulitofautiana, ilhali kipeo kinachoeleza ukuaji wa mparuzo kilikaribia 0.8 katika sampuli zote. Namba moja, kwa hiyo, haikutosha kutofautisha chuma imara na chuma dhaifu.

Hapa ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Mfasiri akiita dimensheni ya fraktali "kipimo cha mparuzo", atampotosha mwanafunzi. Nyuso mbili zinaweza kuwa na dimensheni ileile, huku vilima vya uso mmoja vikiwa virefu mara nyingi kuliko vya mwingine. Dimensheni haisemi uso unaparuza kiasi gani. Inasema mparuzo unabadilikaje tunapobadilisha kijiti cha kupimia. Kwa mtazamo wetu, inafaa neno *fraktali* likopwe, *uso wa mvunjiko* utokane na kitenzi chetu, na maelezo yatolewe kwa sentensi kamili za Kiswahili.

Kazi hii haianzi leo. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi za sayansi zinaweza kupangwa kwa utaratibu. Lakini orodha ya istilahi haitoshi. Mtoto wa Ringwani aliyemwona fundi akikagua plau ana maarifa ya kuanzia. Akifika darasani na kukuta jambo lilelile linaelezwa kwa lugha asiyoimudu, atadhani ni jambo jipya asilolijua. Istilahi iliyochaguliwa vizuri humwonyesha kwamba swali la maabara ndilo lile la fundi, ila sasa linaulizwa kwa kipimo.